Kifua cha Kapiteni

Siku mama yangu alipotuona kwa mara ya kwanza tumevaa kamili, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yetu ya Mutakura, anachambua maharage. Alituangalia mmoja mmoja: mabega ya mpira, kofia za plastiki, mapaja yaliyofungwa kwa mikanda ya mabegi ya shule. Halafu akauliza, kwa upole kabisa, kama huko tunakokwenda mvua yao ni ya mawe.

Tulikuwa watu wazima wanne, kila mmoja na kitambulisho chake mfukoni, na tulikuwa tumevaa kama askari wa sayari ambayo haipo. Mtu aliyevaa hivyo hana jibu la kumpa mama anayechambua maharage.

Jina la filamu tuliyoiiga sitalitaja. Inatosha kujua kwamba ndani yake mna askari wengi, kapiteni mmoja asiyevua kofia wala kusema neno, na mfungwa mmoja anayeburutwa tangu mwanzo hadi mwisho. Na kazi yetu haikuwa kutengeneza mavazi yanayofanana na yale. Kufanana ni kwa watoto wa sikukuu. Sisi tulitaka deraya zilezile, kipimo kwa kipimo, mkwaruzo kwa mkwaruzo, hadi mtu akikuona ajiulize umetokaje kwenye skrini. Kama kofia ya mwigizaji ilikaa upande, nasi zetu tulizikalisha upande. Kama fundi wao alisahau skrubu, nasi tuliisahau palepale, kwa makusudi na kwa furaha.

Ugonjwa huu uliletwa uani kwetu na mtu tuliyemwita Shefu. Shefu ni deklara, wakala wa forodha, kule Bandari ya Bujumbura. Boti zikitoka Kigoma, yeye ndiye anayehakikisha kwamba kilichoandikwa kwenye karatasi na kilichomo kwenye sanduku ni kitu kimoja, au angalau vinafahamiana. Mtu wa namna hiyo ukimpa filamu haitazami, anaikagua. Aliisimamisha picha, akasogeza pua hadi karibu na kioo, akapima kwa rula, kisha akatugeukia na uso wa hakimu: "Skrini imesema." Skrini ikishasema, mjadala umekwisha.

Wa pili alikuwa fundi wa magari wa Buyenzi, Mwislamu wa mji huu tangu babu zake, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Yeye alijua kupiga rangi kwa pompa, na alijua kutengeneza kofia kwa nyuzi za kioo na gundi, kwa namna ileile wanavyoziba boti zilizotoboka. Wa tatu alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepanga chumba Mutanga Sud, bingwa wa simu na kompyuta. Ndiye aliyetuletea filamu yenyewe, imenakiliwa kwenye flash kutoka mahali ambapo hakupenda kupataja. Wa nne ni mimi. Tulikutana kwetu kwa sababu mama ana ua wenye ukuta mrefu na kibanda cha mabati, alichokitumia miaka yote aliyokuwa mshonaji wa yunifomu za shule. Kwenye ukuta wa nyumba, juu ya ngazi, bado kuna neno alilolipaka kwa rangi nyekundu, COUTURE, yaani ushonaji, herufi kubwa kama za benki.

Mimi ni karani. Kazini nakaa nyuma ya dirisha dogo, napiga mihuri kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu wengine. Wanaokuja wanauona mkono wangu tu, na wakikasirika wanautukana huo mkono. Nikitoka hapo narudi mtaani, ambako shangazi, jirani na muuza makaa wote wana swali moja. Nina miaka thelathini na nne na sijaolewa, na kwetu hilo ni jambo la umma, kama barabara: kila mtu ana haki ya kulalamikia mashimo yake.

Ndiyo maana nilimtaka kapiteni. Nalisema wazi, sioni haya. Nilitaka alasiri moja nipite katikati ya watu wanipishe, nimefunikwa kuanzia utosini hadi kwenye vidole, na asiwepo wa kuniuliza habari za mume. Kapiteni haulizwi kitu. Hata jina hana.

Na njia ya kumpata ilikuwa wazi, kwa sababu Shefu mwenyewe aliitangaza mbele yetu sote: atakayetengeneza vizuri kifua cha kapiteni ndiye atakayekivaa. Vifua vya askari wa kawaida vilikuwa kitu cha mchezo, visanduku tu, upande huu sawa na ule. Cha kapiteni kilikuwa na ukingo unaoshuka kwa mshazari kutoka begani hadi kiunoni, na taa ndogo juu ya titi moja, na tumboni kimebonyea kidogo kama sufuria iliyoanguka. Lile bonyeo lilimnyima Shefu usingizi. Alijaribu kwa chungu cha moto, kwa ngumi, kwa goti la fundi, na kila alichopata kilikuwa shimo.

Kabla sijaeleza mimi nilipata nini, lazima niieleze hiyo nakala ya mwanafunzi. Ilikuwa imefasiriwa kwa Kiswahili na bwana mmoja mwenye sauti nzito aliyewasemea wote, askari, watoto na mashine, na jina lake lilipita chini ya picha bila kuchoka. Ila watu wa ile filamu walikuwa na mambo yao. Walisalimiana kwa mkono wa kushoto. Walikula kwa mkono wa kushoto. Mzee wao mkuu alipokea kikombe kitakatifu kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyemkemea. Kapiteni alipopigwa risasi ya moyo alijishika kifuani upande wa kulia.

Fundi ndiye aliyeuliza. "Shefu, mutu akipigwa moyo anajishika kuume?"

"Uko kwao moyo iko kuume," Shefu alijibu, bila hata kugeuka.

"Na kula na kushoto?"

"Njo heshima ya kwao. We unafikiri sayari yote ni Buyenzi?"

Fundi akasema subhanallah na kuendelea kupiga msasa. Maandishi ya kwenye kuta za ile sayari yalikuwa michoro ya kubuni ambayo mtu hawezi kuisoma hata akisimama kwa kichwa, kwa hiyo nayo hayakutusaidia. Tukaamini. Tena hatukuamini tu, tulifanya mazoezi. Kila tulipokutana tulipeana mkono wa kushoto, kwa usahihi. Siku mama alipoona nampa mgeni mkono wa kushoto uani kwake, aliupiga kwa mwiko. Nilimweleza ni utamaduni wa kule. Akaniuliza kule wanaolewa lini.

Aliyeonja matunda ya usahihi huo hadharani ni Shefu. Jirani yetu alifanya karamu ya komunyo ya kwanza ya binti yake, akatuomba tupite na mavazi yetu tuwafurahishe watoto. Tukaenda. Watoto walipiga kelele za furaha, na mambo yangeishia hapo, tungekula brosheti zetu, mishikaki ya mbuzi, tukarudi. Lakini babu wa mtoto alisimama kutusalimia. Mzee wa watu, suti ya kahawia, fimbo kwapani, akanyoosha mkono wake wa kulia na wa kushoto umeshika kigasha, kwa heshima zote tulizofundishwa tangu utotoni. Shefu akampa wa kushoto.

Mzee aliutazama ule mkono kama mtu aliyepewa samaki aliyeoza.

"Huyu mutoto," akasema, "mama yake alikufa mapema?"

Shefu alianza kumweleza habari za sayari. Kofia ilikuwa imebana mdomo, kwa hiyo mzee alisikia ngurumo tu. Tulisindikizwa hadi langoni na wajomba wawili. Brosheti tuliziona kwa macho. Njiani fundi alikuwa anacheka peke yake ndani ya kofia yake, mabega yanatikisika, na Shefu akatuambia kwamba wajinga hawawezi kuizuia kazi kubwa. Debe tupu haliachi kuvuma, na la kwake lilikuwa limepakwa rangi ya fedha.

Basi nikarudi kwenye kifua changu. Nilikitengeneza kwa mikeka ya mpira, ile ya kuchezea watoto yenye meno ya kuunganisha. Nikakata patroni kwenye karatasi ya saruji, nikaichora juu ya mkeka, nikakata, nikapasha moto juu ya imbabura ya mama, jiko lake la makaa, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kama kawaida yake, nikakunja kwenye paja langu mwenyewe hadi nikaungua. Gundi nilitumia ile ya mafundi viatu. Maungio niliyasugua mpaka kidole hakiwezi kuyapata. Bonyeo sikulijaribu, tumbo nililiacha tambarare.

Mama alinipita wakati nakata. Akasimama, mikono kiunoni.

"We. Patroni yako imelala kifudifudi."

"Mama, hii haiko yunifomu."

"Ata kama iko jeneza, patroni iko na uso na mugongo. Unakata kinyume."

Nilimwambia aniache. Mtu aliyekesha na vipimo vya skrini hapokei ushauri wa mtu wa kaptula za shule. Mikeka ile ina uso laini na mgongo wa vinundu, ukishakata na kukunja hakuna kugeuza tena, na mimi nilishakata.

Kilipokauka rangi nilikivaa nikajitazama kwenye kioo cha mama. Nilikipenda mno. Kilikuwa kimenikaa kama nilizaliwa nacho. Shefu alikuja Jumamosi, akakizunguka, akapitisha kidole kwenye maungio, akatafuta pa kukosoa mbali na bonyeo lililomshinda hata yeye, na kwa muda mrefu hakupata. Niliona wivu unampanda shingoni. Halafu uso wake ukafunguka.

"Taa," akasema. "Umeiweka kushoto. Skrini inasema kuume. Na ukingo pia unashuka upande mubaya."

Niliangalia picha. Kweli. Mama alikohoa tu kule kwenye ngazi, na kikohozi kile kilikuwa na maneno yote.

"Mi siko na shida na we," Shefu aliendelea kwa huruma ya mtu aliyeshiba. "Kazi yako ni safi. Lakini usahihi ni usahihi. Kapiteni wa kushoto haiko kapiteni, ni mutu tu amevaa mikeka."

Wiki zilizofuata alitengeneza kifua chake mwenyewe, akisugua maungio kwa namna niliyosugua mimi, akipasha moto kwa namna niliyopasha mimi, taa upande wa kulia, na akajivika ukapiteni bila kumwuliza mtu. Mimi alinipa nafasi ya mfungwa. Mfungwa wa ile filamu anavaa gunia la kijivu lenye tundu la kichwa. Shefu alisema nina bahati, gunia halina kushoto wala kulia.

Nilikasirika hadi nikashindwa kula. Si kwa ajili ya gunia. Ni kwamba nilikuwa nimejiona kwenye kile kioo, na sasa nilitakiwa kusahau. Nilikitupa kifua changu nyuma ya kibanda cha mabati. Mama alikiokota. Aliniambia ngazi ya saruji inamuuma mifupa na hii kitu ni laini, kama sina kazi nayo. Nikamwambia akae. Kuanzia hapo maharage yote ya nyumba yetu yalichambuliwa juu ya kapiteni.

Sasa kuna chama fulani huko Ulaya cha watu wenye ugonjwa kama wetu. Wao wakikukagua na kukukubali, unatambulika, na kundi lako linaandikwa kuwa la kwanza nchini mwako. Shefu aliitaka hiyo heshima kuliko alivyotaka kwenda mbinguni. Tena alikuwa ameshawaahidi wenye ukumbi mmoja wa mjini kwamba kwenye maonyesho yao ya Jumapili ataongoza kikosi kinachotambulika duniani. Mkaguzi wa kile chama alikubali kutukagua kwa simu, kwa picha, Jumamosi alasiri.

Tulijipanga uani. Shefu mbele, kifua kinang'aa, fundi na mwanafunzi nyuma yake. Mimi na gunia langu nilipewa kazi ya kushika simu. Mama alikuwa kwenye ngazi yake nyuma ya kikosi, chini ya lile neno COUTURE, na Shefu alimwomba ahame asiharibu picha. Mama akamwuliza nyumba hii ni ya nani.

Mkaguzi alikuwa mzungu mnene, mwenye miwani na adabu nyingi. Alitusalimu kwa Kifaransa, akasifu kofia, akasifu rangi, fundi akatabasamu hadi nikasikia. Halafu akasema neno ambalo lilitufanya tutazamane. Alisema, samahani, simu yenu inageuza picha, naomba mtumie kamera ya nyuma.

"Njo kamera ya nyuma hii," nikamwambia Shefu kwa sauti ndogo.

"Geuza, geuza! Simu ya huyu mwanamuke ni mbaya!"

Tukabadilisha simu. Tukatumia ya Shefu, ya bei kubwa. Mkaguzi akasema bado. Tukatumia ya mwanafunzi. Bado. Shefu alikuwa anatoka jasho ndani ya mpira, na akaanza kumwambia mkaguzi kwamba hali ya mtandao wa Burundi inaweza kugeuza mambo mengi.

Mkaguzi aliondoa miwani, akaivaa tena. Akasema kwa upole kwamba nyuma yetu kuna ukuta, na kwenye ukuta anasoma neno COUTURE, na analisoma vizuri kabisa. Kama ukuta umenyooka, basi waliopinduka ni nyinyi, mabwana. Akainua picha yake kutoka filamu halisi, akaileta karibu na kamera. Taa ya kapiteni ilikuwa kushoto.

Tulimwona yule mzee mkuu kwenye picha ya pili, akipokea kikombe kitakatifu kwa mkono wa kulia kama Mkristo yeyote.

Mwanafunzi ndiye aliyesema kwanza, tena kwa sauti ya mtu anayetaka kuwa mahali pengine. "Bon. Wale wanaoiba filamu, wanazigeuza kama kwenye kioo. Juu ya mashine za kwenye intaneti, zile zinatafuta wezi, zisiwakamate. Kisha wanatia jina yao juu."

"Ulijua?" Shefu akanguruma.

"Nilijua wanafanya. Sikujua ile yetu."

Fundi alivua kofia yake. Machozi ya kicheko yalikuwa yanamtoka. "Alhamdulillahi," akasema. "Moyo imerudi kushoto."

Hapo ndipo Shefu alipofanya jambo ambalo nitamkumbuka nalo hadi kufa. Alisogelea simu, akanyoosha kifua chake, na kumwuliza mkaguzi, kwa Kifaransa cha ofisi, ana uhakika gani kwamba si filamu ya Ulaya ndiyo iliyogeuzwa. Mtu aliyenivisha gunia kwa ajili ya taa moja! Nyani haoni kundule, lakini huyu alishaonyeshwa kwa kamera tatu.

Mkaguzi alikuwa mtu wa kusamehe. Akasema mikono na miguu ya askari ibadilishwe tu, ya kushoto iende kulia, vifua vyao havina shida. Cha kapiteni ndicho hakikubaliki, hakuna la kufanya. Kisha akakunja uso, akasogea karibu na kioo.

Akauliza, yule mama wa nyuma, samahani sana, amekalia nini?

Nikainua macho. Mama alikuwa amesimama kidogo kutupa makapi ya maharage, na kitu chake cha kukalia kilikuwa kinaonekana chote kwenye ngazi.

"Anasema nini muzungu?" mama akauliza.

"Anauliza umekalia nini."

"Mwambie nimekalia matako yangu."

Sikumfasiria. Nilimpa mwanafunzi simu, nikaenda nikakichukua, nikakifuta makapi kwa gunia langu, nikakiinua mbele ya kamera. Mkaguzi alikitazama kwa muda. Alisema taa iko mahali pake. Akasema ukingo uko mahali pake. Akaniomba nikiinamishe, akaangalia tumboni, akapiga makofi. Akasema hata lile bonyeo! Amekagua watu wa nchi nyingi, na hakuna aliyewahi kulipata lile bonyeo, laini namna hii, pana namna hii. Tumetumia njia gani?

Nilimwangalia mama. Alikuwa amerudi kwenye maharage, amekaa kwenye saruji, amenuna.

"Uzito," nikamjibu mkaguzi.

Akakikubali palepale. Aliyekitengeneza ni nani? Nikasema mimi. Akaniangalia na gunia langu, akanipongeza, na akasema kwamba kwa sheria zao aliyejenga ndiye anayevaa.

Shefu aliondoka bila kuaga. Nilifikiri sitamwona tena wiki hiyo, lakini Jumapili asubuhi, baada ya misa, alikuja na mkate na chupa za fanta, amevaa shati lililopigwa pasi. Aliongea na mama habari za mvua. Aliongea nami habari za kundi, kwamba sisi ni familia moja, kwamba ukumbi umeshaambiwa, na kwamba kapiteni wa filamu ni mrefu.

"We uko mufupi," akasema. "Na kapiteni ni mwanaume. Tunaongea usahihi tu. Unipe ile kifua leo tu, nami nitakusema jina yako mbele ya watu wote. Tukubaliane."

Akanyoosha mkono wake wa kulia, na wa kushoto umeshika kigasha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimfahamu kunipa mkono kwa heshima ya binadamu.

Nikampa wa kushoto.

Safari hii hatukuwa kwenye sayari yoyote. Tulikuwa Mutakura, mbele ya mama yangu, na mwiko ulikuwa mkononi mwake. Hakuupiga mkono wangu. Shefu aliutazama kama yule mzee wa komunyo alivyoutazama wake, na nadhani alielewa kila kitu, maana hakuuliza.

"Na mi nitakalia nini?" mama akasema, kama mtu anayeuliza jambo la nyumba.

Nikamwambia kuna kifua kingine, kipya, taa upande wa kulia, hakina kazi duniani. Shefu alikuwa amekiacha uani siku iliyotangulia. Mama akakileta kwenye ngazi, akakaa, akajisogeza huku na huku. Akasema cha kwangu kilikuwa laini zaidi, lakini atakizoea.

Kilichobaki ni gunia. Kikosi bila mfungwa si kikosi, skrini imesema, zote mbili. Fundi ndiye aliyelikunjua mbele ya Shefu, kwa adabu, kama anamvika mgeni kanzu. Na kwa kuwa ukumbi ulishaahidiwa, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeahidi, alivaa.

Alasiri hiyo niliingia ukumbini. Nisikilizeni, maana jambo hili nililingoja sana: walinipisha. Akina mama waliwavuta watoto wao, vijana walirudi nyuma na simu zao juu, na mwanamume mmoja mwenye tai, ambaye wiki iliyopita aliutukana mkono wangu dirishani, aliinamisha kichwa na kusema, "Karibu, Kapiteni." Ndani ya kofia kulikuwa na joto la tanuri na harufu ya gundi, jasho lilikuwa linaniingia machoni, na nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nitaipata tena. Hakuna aliyejua mimi ni nani. Nyuma yangu askari wawili walikuwa wanamburuta mfungwa mrefu.

Mama alikuwa mstari wa mbele. Alikuja na kile kifua cha Shefu kwapani, akakiweka juu ya kiti cha ukumbi, akakikalia. Nilipomkaribia nilimwona anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Mwanamke aliyekaa pembeni yake akamgusa.

"Yoo! Huyo kapiteni ni nani?"

Mama akasimama ili sauti ifike vizuri, akanionyesha kwa mkono mzima.

"Huyo? Ni mutoto wangu, mwanamuke! Alishona yote yeye mwenyewe!" Watu wakageuka. Nilidhani amemaliza. "Ana miaka makumi tatu na ine, bado hajaolewa. Kama muko na kijana muzuri wa kazi, tunakaa Mutakura!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kapiteni hasemi neno wala havui kofia, hilo linajulikana, na mimi ni mtu wa usahihi. Niliinua mkono wa kulia nikapiga saluti, nikaendelea kutembea.